Kuhama kutoka dizeli kwenda umeme wa jua katika kisiwa cha wavuvi: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, na mwandishi alishiriki kama mshauri wa ufundi tangu awamu ya kwanza. Jina la kisiwa, la kampuni ndogo iliyokuwa ikifua na kuuza umeme, la mfadhili na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na tarakimu zinazohusu kituo chenyewe zimekadiriwa kwa namba za mviringo ili mahali pasitambulike. Kilichobaki bila kuguswa ni mfuatano wa maamuzi na sababu zake, yakiwemo maamuzi ambayo sisi wenyewe tuliyafanya vibaya.

Hali ilivyokuwa

Kisiwa hakijaunganishwa na Gridi ya Taifa. Kwa miaka mingi kilitegemea nyumba ya mashine iliyojengwa hatua chache kutoka mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, yenye jenereta mbili za dizeli zenye uwezo wa kilowati 160 kila moja, ambazo zilipokezana zamu usiku na mchana. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu moja tu: mapipa ya mafuta yalifika kwa boti, na hakuna aliyetaka kuyaviringisha mlimani. Matokeo yake ni kwamba ekzosi ya mashine ilipumulia katikati ya makazi. Nguo zilizoanikwa upande unakoelekea upepo zilirudi ndani na vidoa vya masizi, na walimu wa shule ya jirani walikuwa wamezoea kufunga madirisha ya upande mmoja hata wakati wa joto kali.

Matumizi ya umeme yalikuwa na sura inayofahamika kwa kila anayeendesha kituo kidogo. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku mzigo ulipanda hadi kilowati 120, kwa ajili ya taa, televisheni, vibanda vya chipsi, friji za vinywaji na saluni za kunyoa. Baada ya hapo ulishuka hadi kilowati 25, na ukabaki hivyo mpaka alfajiri. Mashine ya kilowati 160 inayobeba mzigo wa 25 ni sawa na lori la tani kumi lililotumwa kubeba gunia moja: inakula mafuta mengi kwa kila uniti inayotoa, dizeli haiungui yote, na masalia yake hugeuka utando mweusi wenye mafuta unaoganda kwenye vali, nozeli na mabomba ya moshi. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri injini ya aina hii isiendeshwe kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Ushauri huo utarejea mara kadhaa katika kisa hiki, kwa kuwa ndio uliotuangusha.

Kwa wastani kituo kilichoma lita 500 za dizeli kwa siku, yaani mapipa mawili na nusu. Pembeni yake kulikuwa na kiwanda cha barafu cha mfanyabiashara binafsi, kinachowahudumia wanunuzi wa sangara, ambacho kilijiendesha kwa jenereta yake chenyewe na kuchoma lita nyingine 120. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu katika nusu siku kilikuwa kikitoa zaidi ya tani moja na nusu za hewa hiyo kila siku, mbali na masizi.

Maji yalipopanda

Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo, yakipita kidogo hata kile cha mwaka 1964. Mialo mingi ilifunikwa, na kisiwa hiki hakikusalimika. Maji yaliingia kwanza kwenye ghala la mafuta. Mapipa matupu yalielea na kugongana usiku kucha, na mapipa mawili yaliyokuwa yamefunguliwa yalimwaga dizeli kwenye maji yaleyale ambayo kina mama huyachota kwa ndoo asubuhi. Kwa siku kadhaa utando wa rangi za upinde wa mvua ulionekana ukipwaya kati ya mitumbwi iliyofungwa.

Kabla ya hapo hoja ya kuachana na dizeli ilikuwa ya watu wa nje, wenye kuzungumzia tabianchi. Baada ya hapo ikawa hoja ya kisiwa. Mkutano wa kijiji uliofuata haukujadili hewa ya ukaa hata kwa dakika moja. Ulijadili harufu ya mafuta kwenye maji ya kunywa. Mfadhili aliyekuwa akizunguka kanda ya ziwa na mpango wa umeme jua alipofika miezi michache baadaye, alikuta mlango uko wazi.

Awamu ya kwanza: paneli juu ya dizeli

Fedha zilizokuwepo hazikutosha kununua paneli pamoja na betri za kutosha. Machaguo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuweka mfumo mdogo kamili, wenye betri, utakaohudumia sehemu tu ya kisiwa. La pili lilikuwa kuweka paneli nyingi zaidi bila betri, zikiingiza umeme kwenye laini zilezile za jenereta, ili mashine ipunguze mwendo jua linapowaka na kubeba yenyewe mzigo wa usiku kama kawaida. Tulichagua la pili. Sababu iliyoandikwa kwenye ripoti ilikuwa kwamba paneli hudumu miaka ishirini na zaidi na betri zitashuka bei baadaye. Sababu ambayo haikuandikwa, nayo ilikuwa na uzito wake, ni kwamba hakuna mwanasiasa wala mfadhili anayependa kuzindua mradi unaomulika nusu ya kijiji.

Kabla ya kuamua ukubwa wa mfumo tulifunga kipima mzigo kwenye nyumba ya mashine kwa siku kumi. Kilionyesha kwamba mchana mzigo ulikuwa kilowati 80 bila kuyumba sana. Hesabu ikafuata: paneli za kilowati 120, mashine ikibaki kwenye kiwango chake cha chini kabisa cha usalama, na mafuta ya mchana yatapungua kwa karibu theluthi.

Mfumo uliwashwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Mwaka huohuo bei ya dizeli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila mtu akasema mradi umekuja kwa wakati wake. Baada ya miezi mitatu tukakaa na vitabu vya manunuzi ya mafuta mezani, na punguzo halikufika hata sehemu moja ya kumi.

Ufundi wake ni mwepesi kueleza, na ndiyo maana unaumiza. Asilimia 30 ya mashine ya kilowati 160 ni kilowati 48. Mzigo wa mchana ukiwa 80, mashine huchukua 48 zake kwanza, na jua linapewa 32 zinazobaki. Mzigo ukishuka hadi 45, jua halipewi kitu: mtambo wa kudhibiti unazizuia paneli ili mashine isikose kazi. Palikuwa na siku, tena siku za anga nyeupe isiyo na wingu, ambapo paneli za kilowati 120 zilikaa juani kama mabati ya kawaida huku moshi ukiendelea kutoka mita hamsini pembeni yake. Watu waliziona. Jina la utani walilozipa paneli zile halifai kuandikwa hapa.

Swali lililobaki ni kwa nini mzigo wa mchana ushuke hadi 45 wakati kipimo chetu cha siku kumi kilionyesha 80.

Daftari la zamu

Jibu lilikuwa kwenye rafu ya nyumba ya mashine, chini ya kopo la grisi. Fundi mkuu wa zamu, mzee aliyefanya kazi pale tangu mashine ya kwanza ishushwe kutoka kwenye boti, alikuwa akiandika daftari kila saa: volti, ampea za kila fezi, joto la maji, lita zilizoingia. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba kwenye ukingo wa kila ukurasa alichora kiduara kidogo. Siku nyingine kiduara kilikuwa kimejazwa wino, siku nyingine kilikuwa kitupu, na siku nyingine nusu kwa nusu. Mhandisi kijana aliyekuwa nasi alidhani ni alama za mahudhurio.

Zilikuwa alama za mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika kuufuata mwanga, na nyavu huteremshwa. Mwezi unapokuwa mpevu maji yote yanang'aa, taa haivuti kitu, na mitumbwi hupumzika ufukweni kwa wiki moja au zaidi. Zamani taa zile zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na mwezi haukuihusu kabisa nyumba ya mashine. Lakini karabai zilipoachwa na taa za betri zikachukua nafasi yake, mamia ya betri yakaanza kuletwa ufukweni kila asubuhi kuchajiwa, tayari kwa safari ya saa kumi na mbili jioni. Siku za giza mchana ukawa mzito. Siku za mbalamwezi vyumba vya kuchajia vilifungwa, na mzigo ukaanguka karibu nusu. Fundi aliyajua hayo kwa sababu ndiye aliyepaswa kuagiza mafuta, na kiduara kilimwambia wiki inayokuja itahitaji mapipa mangapi.

Kipima chetu cha kielektroniki, kilicholetwa kwa ndege, kilikuwa kimefungwa siku kumi za giza. Hakuna aliyemwuliza mzee chochote zaidi ya mahali swichi kuu ilipo. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwa upole kwamba alidhani wageni wanaujua mwezi.

Awamu ya pili

Safari hii maandalizi yalichukua miezi saba, na nusu ya muda huo ilitumika kusoma daftari la miaka sita ukurasa kwa ukurasa. Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kusubiri kebo ya chini ya maji kutoka bara. Haikuwa na tarehe, na kijiji kilikataa kusubiri jambo lisilo na tarehe. Ya pili ilikuwa kununua betri kubwa kiasi cha kubeba usiku mzima bila dizeli kabisa. Iliwezekana kiufundi, lakini gharama yake ingepandisha bei ya uniti juu ya uwezo wa wateja wengi, na kwa maoni yangu umeme safi ambao mama lishe hawezi kuulipia unamrudisha kwenye mkaa na mafuta ya taa. Njia ya tatu ndiyo iliyochukuliwa: kuhamisha kazi za kisiwa ziende jua lilipo, kisha kununua betri kwa ajili ya kile tu kisichohamishika.

Kazi ya kwanza kuhamishwa ilikuwa maji. Pampu ya kijiji ilikuwa ikiendeshwa usiku kwa mazoea. Tangi la pili lilijengwa kilimani, na pampu ikahamishiwa saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kulitokea mabishano madogo kuhusu nani atashika ufunguo, basi.

Kuchaji betri za taa kulipewa bei nafuu kwa saa za mchana. Hilo halikuhitaji kumshawishi mtu, kwa kuwa wavuvi walikuwa tayari wanachaji mchana. Faida yake ilikuwa kuwavuta wale waliokuwa wakitumia vijenereta vya petroli kwenye kambi za pembeni.

Kazi ngumu, na yenye faida kuliko zote, ilikuwa barafu. Kiwanda kilihitaji takriban uniti 350 kwa siku. Barafu haijali imegandishwa saa ngapi. Ukiigandisha mchana, inakaa usiku. Kwa maneno mengine mfanyabiashara yule alikuwa na betri kubwa iliyojengwa kwa maji na chumvi, wala haikumgharimu mfadhili hata senti. Lakini yeye hakuwa na sababu ya kutuamini. Alikuwa ameziona paneli za awamu ya kwanza. Makubaliano yalifikiwa kwa masharti mawili: abaki na jenereta yake mwaka mzima kama akiba, na kampuni imlipe fidia kwa kila siku ambayo umeme utakatika zaidi ya saa mbili mfululizo mchana. Kampuni ilisita juu ya sharti la pili. Mwishowe ililikubali kwa sababu bila mteja huyo hesabu nzima ilianguka.

Paneli ziliongezwa zikafika kilowati 360. Zililazwa kwa mwinamo mdogo wa digrii kumi, kwa kuwa karibu na ikweta mwinamo unahitajika zaidi ili mvua izioshe kuliko kufuata jua. Ziliwekwa betri za lithiamu za uniti 400, pamoja na inveta, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika majumbani, zinazoweza kuibeba laini ya kisiwa peke yake bila mashine kuwaka. Mwisho, na huu ndio ununuzi mdogo uliobadilisha mambo kupita ukubwa wake, ikanunuliwa jenereta ndogo ya kilowati 48. Jenereta hiyo huwashwa jioni na kuzimwa usiku wa manane au baadaye, siku zote ikiwa na mzigo wa kutosha, huku betri zikibeba kilele na masaa ya mwisho kabla ya alfajiri. Mashine moja ya zamani ilibaki kwa dharura. Nyingine iliuzwa.

Mambo yaliyokwama njiani

Asubuhi ya kwanza ya kiwanda kuunganishwa, saa mbili kamili, kompresa, yaani mashine inayozalisha baridi ya kugandishia, iliwashwa na kisiwa kizima kikazimika. Iliwashwa tena, kikazimika tena. Mota yake ya kilowati 37, ikiwashwa moja kwa moja, huvuta kwa sekunde chache mkondo mara sita hadi saba ya ule wa kawaida. Jenereta ya zamani, kwa uzito wa gurudumu lake, ilikuwa ikiguna na kuvumilia. Inveta haina gurudumu. Ikizidiwa hujikata palepale ili isiungue. Ilibidi kufungwa kifaa cha kuiwasha mota taratibu, na kifaa hicho kilichukua siku kumi na tisa kufika kutoka Dar es Salaam. Kwa siku hizo kumi na tisa mfanyabiashara aliendelea na dizeli yake na kutukumbusha kila jioni.

Kisha ikaja malalamiko ya mabonge yenye tundu. Barafu ya mabonge hugandishwa katika vikopo virefu vya bati vilivyozamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Maji huganda kuanzia kwenye kuta kuelekea ndani, na moyo wa bonge ndio wa mwisho. Kompresa ilipoanza kupumzika usiku, mabonge yalitolewa asubuhi yakiwa na ganda gumu na maji katikati. Wanunuzi wa sangara hawakuyataka, na hawakukosea, kwani bonge lenye tundu halifiki salama sokoni. Ufumbuzi ulipatikana kiwandani kwenyewe. Vibarua walipendekeza kifuniko cha tangi, kilichokuwa mbao tupu, kitengenezwe upya kwa mbao tabaka mbili na pumba za mpunga katikati, na vikopo vijazwe pungufu kwa vidole vitatu. Sisi tuliongeza saa za kompresa hadi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa katika longitudo ya Ziwa Victoria jua hufika utosini karibu saa saba mchana na kuzama karibu saa moja, hivyo alasiri ina nguvu zaidi ya vile ratiba yetu ya kwanza, iliyonakiliwa kutoka mradi wa pwani, ilivyodhani. Kupotea kwa baridi usiku kulipungua kiasi kwamba bonge lililoanza leo liliweza kumaliziwa kesho bila kuharibika.

Kero ya tatu ilikuwa wadudu. Majira fulani wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, na upepo ukiwaleta kisiwani wanaingia kila tundu lenye mwanga au joto. Waliziba vichujio vya feni za inveta, inveta zikapata joto na kupunguza nguvu zenyewe. Sasa kuna kijana anayefuta vichujio hivyo kila asubuhi kwa brashi ya viatu, na taa ya nje ya chumba cha inveta imeondolewa.

Matokeo

Matumizi ya dizeli ya kisiwa, yakijumlishwa na ya kiwanda, yalishuka kutoka lita 620 kwa siku hadi kati ya lita 130 na 190, kutegemea mawingu na mwezi. Hiyo ni hewa ya ukaa pungufu kwa zaidi ya tani moja kila siku. Mchana nyumba ya mashine iko kimya. Shule imefungua madirisha. Ghala la mafuta limehamishiwa juu, mbali na maji, nalo ni dogo kuliko la awali. Mfanyabiashara wa barafu aliuza jenereta yake kabla ya mwaka wa masharti kumalizika, na sharti la fidia limetumika mara mbili tu.

Kuna waliopoteza. Watu saba walikuwa na ajira katika nyumba ya mashine; wanne wamebaki. Fundi mkuu alipewa usimamizi wa chumba cha inveta, na daftari lake linaendelea, viduara vikiwemo. Lakini vibarua waliokuwa wakishusha na kuviringisha mapipa hawakuwa kwenye orodha ya waajiriwa wa mtu yeyote, na kwa hiyo hawakuwa kwenye mkutano wowote. Kipato chao kilikatika kimyakimya.

Boti ya mafuta nayo haikutajwa katika ripoti yoyote. Ilikuwa ikija mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa safari yake ililipwa na dizeli, ilibeba unga, soda na saruji za wenye maduka kwa nauli ndogo. Mafuta yalipopungua ikaanza kuja mara moja kwa siku kumi. Nauli ya mizigo ikapanda, na bei za dukani zikafuata. Mwenye duka mmoja aliniambia kwamba umeme wangu umempandishia bei ya sukari, na sikuwa na la kumjibu.

Uchambuzi

Kosa la awamu ya kwanza halikuwa kukosa betri, ingawa ndivyo ripoti ya mfadhili ilivyohitimisha. Lilikuwa kuuliza swali la uwezo pale lilipotakiwa swali la saa. Tuliuliza kisiwa kinahitaji kilowati ngapi, na hatukuuliza kinazihitaji lini na kwa nini. Kama tungeliuliza hilo, mwezi ungejitokeza wenyewe, na barafu pia. Hata fedha zilezile za mwanzo, zikigawanywa kati ya paneli chache, jenereta ndogo na kifaa cha kuwashia kompresa, zingeokoa mafuta mengi kuliko paneli za kilowati 120 zilizokaa zikitazama jua. Jenereta ndogo ya dizeli kama sehemu ya mradi wa nishati safi ni wazo ambalo wafadhili hulikwepa kwa sababu halipendezi kwenye picha, na katika kisa hiki kulikwepa kulichelewesha usafi wenyewe kwa zaidi ya mwaka.

Kosa la pili lilikuwa kuhesabu kile tu mashine ilichouza. Mashine ya dizeli ilifua umeme, lakini pia ilivumilia mshituko wa mota kwa uzito wa gurudumu lake, iliajiri vibarua, na ilileta boti yenye nauli nafuu. Kila moja ya kazi hizo ilijitangaza baada ya kukosekana. Hili si la visiwa vidogo peke yake. Kituo cha makaa ya mawe cha Komati nchini Afrika Kusini kilifungwa tarehe 31 Oktoba 2022 kikiwa na mpango wa umeme jua, upepo na betri, na lawama kubwa iliyofuata ilihusu watu wa mji waliokuwa wakiishi kwa kituo kile bila kuajiriwa nacho, ambao maandalizi yao yalikuja nyuma ya kufungwa. Ukubwa unatofautiana mno, lakini vibarua wa mapipa wangewatambua wenzao.

Kilichofaulu zaidi ni mkataba na mwenye kiwanda. Ulitubana, na kubanwa kulisaidia: kampuni ambayo inalipa fidia kwa kila kukatika hujifunza haraka kufuta vichujio. Kufaulu kwa ufumbuzi wa pumba za mpunga nako kunastahili kutazamwa kwa makini, si kusifiwa tu, kwa sababu ulitoka kwa watu ambao walikuwa na kila sababu ya kujifanya hawajui kitu, kwa jinsi tulivyowapita katika awamu ya kwanza. Waliusema kwa vile tu mmoja wao alikuwa shemeji wa fundi mkuu na alikuwa amesikia kwamba safari hii wageni wanasoma daftari.

Usafirishaji ungeweza kushughulikiwa mapema. Kampuni ingeweza kuingia makubaliano na mwenye boti ya ratiba ya mizigo, hata kwa ruzuku ndogo ya mwaka mmoja, na gharama yake ingekuwa sehemu ndogo sana ya akiba ya mafuta. Mazungumzo hayo yameanza sasa, bei zikiwa zimeshapanda.

Udongo wa nyumba ya mashine ya zamani umebaki kama ulivyokuwa. Miaka mingi ya kumwaga oili chafu nyuma ya ukuta imeuacha mweusi na wenye kunata hadi kina cha goti, na mafundi seremala wa mitumbwi bado huja na makopo kuuchimbachimba wakitafuta kitu cha kupaka mbao. Bajeti ya awamu zote mbili ilikuwa na fungu la kufunga mitambo na halikuwa na fungu la kusafisha mahali ilipotolewa mingine. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayotiririka kutoka pale hufuata mfereji uleule wa zamani hadi mwaloni.